Nilivyopiga Marufuku Salamu Katika Kliniki ya Sukari

Wenzangu mliobaki zahanatini mmeniomba niandike mambo ya miaka yangu ya kazi kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sharti moja: sitaandika habari za vyeo wala barua za kupandishwa daraja, maana zote ziko kwenye faili na hakuna mgonjwa aliyepona kwa kuzisoma. Nitaandika habari za kliniki ya sukari na presha, ile ya Jumanne, na hasa kosa nililolifanya mimi mwenyewe, Nekesa, mnayeniita Sista. Wengi wenu mmelisikia vipande vipande, na kila kipande kimetiwa chumvi na aliyekisimulia.

Nilifika Changamwe kutoka Bungoma nikiwa msichana mwenye cheti kipya na viatu vyeupe vilivyogeuka rangi kabla ya saa nne. Nilikuwa na haraka. Nilikosomea tulifundishwa kwamba foleni ndefu ni aibu ya nesi, kwa hivyo siku ya kwanza nilifungua dirisha, nikachukua kadi ya juu, nikaita jina kwa sauti ya uwanja wa mpira. Akaja bibi mmoja kwa mwendo wake. Kabla hajaketi vizuri nikamuuliza, "Unaumwa wapi?" Akasema haumwi. Nikamwandikia dawa zake zilezile, nikaita mwingine. Kufikia adhuhuri foleni ilikuwa imekwisha na mimi nasubiri sifa.

Aliyekuja hakuja na sifa. Alikuwa Bi Ruweida, nesi mkuu wetu wakati huo, mzaliwa wa Mombasa, mwanamke mfupi ambaye sikuwahi kumwona akikimbia hata damu ikimwagika. Alifunga mlango, akaniuliza, "Mwanangu, umeona watu wangapi leo?"

Nikamtajia idadi kwa fahari.

"Na wangapi wamekwambia waumwa?"

Nikafikiri. Karibu wote walikuwa wamesema hawaumwi.

"Basi hukuona watu," akasema. "Umeona kadi."

Siku iliyofuata alinikalisha kando yake asubuhi nzima, nisiguse kitu, nitazame tu. Mgonjwa akiingia, Bi Ruweida alianza: hujambo? Sijambo. U hali gani? Njema. Nyumbani hawajambo? Hawajambo, alhamdulillahi, ila... Na hapo kwenye "ila" ndipo ulipokuwa ugonjwa. Ila macho yanafanya ukungu. Ila usiku nakwenda msalani mara tano. Ila vile vidonge vyeupe nimeviacha, vyanitia kizunguzungu. Hakuna hata mmoja aliyeyasema hayo kwenye swali la kwanza. Mtu wa pwani hakupi shida yake mkononi hivihivi. Huizungukia mpaka aone kama una nafasi ya kuipokea. Bi Ruweida aliniambia, "Wewe waruka hodi, waingia mpaka chumbani, kisha washangaa mwenye nyumba kukunyamazia." Nilijifunza. Miaka mingi nilisalimia dirishani mpaka wenzangu wa bara wakanicheka kwamba nimegeuka Mswahili.

Vifaa vyetu mnavijua, ingawa nyinyi mmevikuta vimerahisishwa. Mashine ya presha ya mwanzo ilikuwa ya zebaki, nzito, na Bi Ruweida aliibeba mwenyewe asubuhi na jioni kwa kuwa hakumwamini mtu. Alinifundisha kumfunga mgonjwa mkono kisha nimuache apumue, nisimpime akiwa bado anahema kwa kilima cha kutoka steji ya matatu. Baadaye zikaja za betri, zinazojipampu zenyewe na kujisomea zenyewe, na kazi ya nesi ikawa kubonyeza kidude na kuonekana mtaalamu. Mashine hizo kwa jumla zimefunga mikono ya nusu ya Changamwe. Wangu hazikuufunga hata mara moja, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Grupu ya simu haikuanzishwa na mimi, wala na ofisi yoyote. Iliundwa na Mzee Mutua, aliyekuwa dereva wa kreni bandarini kabla ya kustaafu, mgonjwa wetu wa sukari. Jumanne moja alikaa na njaa mpaka karibu saa sita, kisha akaambiwa vijiti vya kupimia vimekwisha. Hakufoka. Alitoa simu yake, akapita benchi kwa benchi akikusanya namba, alipomaliza akaja dirishani.

"Sista, siku nyingine vikiisha utatuandikia humu, tusitoke nyumbani na njaa bure. Nimekuweka mkubwa wa grupu."

"Mimi sikuomba ukubwa."

"Hata sisi hatukuomba sukari."

Basi nikawa mkubwa wa grupu. Ninachotaka mjue, nyinyi vijana, ni kwamba kliniki mnayoiendesha leo ilichorwa humo, si kwenye semina. Zamani tulianza kwa maombi, kisha mafunzo ya lishe, kisha vipimo, na watu wote wakiwa hawajala tangu jana. Mama mmoja akaandika kwamba kumfundisha mtu mwenye njaa habari za chakula ni kumtesa. Tukageuza: vipimo kwanza, kila mtu afungue kikapu chake anywe chai, ndipo mafunzo. Watu wa shifti za viwandani wakasema wao wanatoka kazini alfajiri, wakiambiwa warudi saa tatu watakuwa wamelala. Tukafungua dirisha mapema kwa ajili yao. Kabla ya Ramadhani tukaweka Jumanne maalumu ya kupanga dawa za daku na futari, kwa sababu grupu ndiyo iliyotufichulia kwamba watu walikuwa wakijipangia wenyewe na kutuficha. Na wale wasio na friji walifundishana humo namna ya kuhifadhi insulini kwenye mtungi uliozikwa nusu katika mchanga mbichi. Mimi niliongeza jambo moja tu, kwamba namba za sukari ya mtu zisitajwe mbele ya wote. Anayetaka kunitumia anitumie peke yangu.

Lakini grupu hiyo ilikuwa na kelele. Kabla jua halijatoka yalianza maua. Mawaridi, asumini, vikombe vya chai vyenye moshi, sabalkheri kwa maandishi ya kung'aa, aya za Biblia, dua, mtoto wa mtu aliyefaulu, mbuzi wa mtu aliyepotea, mbuzi aliyepatikana. Aliyetangulia kila siku alikuwa Bi Mwanakombo, bibi wa ukoo wa zamani wa Jomvu Kuu, mjane, anayeishi peke yake tangu binti yake aolewe Malindi. Alituma ua moja, kila siku jingine, na chini yake ameandika, "Sabalkheri jamaa, mumeamkaje?" Mzee Mutua ndiye aliyekuwa wa pili, na kikombe cha chai.

Ofisi ya afya ikaja kusikia habari za grupu yetu, ikataka kila mwisho wa mwezi niwaandikie wagonjwa wanataka nini kliniki ifanye. Ni jambo zuri, sikatai. Nikaketi na simu na karatasi, nikaanza kupekua. Ua, ua, ua, dua, mbuzi, ua, "vidonge vipya vinanitapisha", ua, ua. Kidole kiliniuma. Mwezi wa tatu nikachoka. Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba kuanzia leo grupu hii ni ya mambo ya kliniki peke yake. Salamu, maua, dua na matangazo yasitumwe. Mwenye tatizo aandike tatizo lake moja kwa moja. Nikaongeza "tafadhali" mwishoni nijione mstaarabu.

Walitii wote. Hilo ndilo lililonidanganya. Kesho yake grupu ilikuwa kimya na safi kama sakafu iliyopigwa deki. Yaliyoandikwa wiki nzima yalikuwa matatu, yote ya kuuliza kama vijiti vipo. Nikaijaza ripoti yangu kwa nusu saa na kuandika kwamba wagonjwa kwa jumla wameridhika. Nilifurahi, tena sana.

Jumanne ya tatu baada ya sheria yangu, Mzee Mutua alifika dirishani akasimama bila kunisalimia. Yeye ni Mkamba wa Machakos, lakini amekaa Mombasa tangu ujana wake, na hakuwahi kunikosesha salamu.

"Bi Mwanakombo yuko wapi?" akauliza.

Nikatazama daftari. "Tarehe yake bado. Ni wiki ijayo."

"Sikuulizi tarehe, Sista. Nakuuliza mtu."

"Angekuwa na shida angeandika."

"Angemwandikia nani?" Akaegemea dirisha. "Huyo mama simjui uso. Pengine tumekaa naye benchi moja, sijui. Lakini kila siku saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa najua ameamka, na yeye anajua nimeamka. Tangu uweke hiyo sheria yako sijui kitu. Nimempigia jana, hakushika. Leo pia hashiki."

Nilitaka kumjibu kwamba simu huisha chaji. Kliniki ilipoisha nikachukua mkoba wa vidonda, nikapanda bodaboda mpaka panapoishia njia ya gari Jomvu Kuu, nikamalizia kwa miguu kupitia uchochoro wa msikitini.

Nikapiga hodi. Sauti yake ikanijibu kutoka ndani, karibu, na nikashukuru Mungu kwa sauti. Alikuwa ameketi kitandani, leso imefunika miguu. Nilitamani kuivuta ile leso hapohapo, lakini kitu kikanizuia.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"U hali gani?"

"Njema."

"Na Malindi hawajambo?"

"Hawajambo, wote wazima." Akaishika leso. "Ila mguu huu."

Akaifunua leso mwenyewe. Harufu ilinifikia kwanza. Vidole viwili vya mwisho vya mguu wa kushoto vilikuwa vimegeuka vyeusi, na wekundu umepanda mpaka kwenye unyayo. Kaa la moto lilikuwa limeruka kutoka jikoni akikaanga mahamri, likamwangukia, na kwa kuwa sukari ilishamtia ganzi miguuni, hakulihisi mpaka aliponusa. Nikamuuliza ni lini. Siku kumi, akasema, au kumi na mbili.

"Majirani hawakuona?"

"Kidonda cha sukari si cha jirani, ni cha nesi. Wao wajua mimi naongea na nyinyi kwa simu."

"Basi mbona hukuniandikia?"

Akaitoa simu chini ya mto. Ilikuwa imezimika, na siku mbili zile hakuwa na nguvu ya kwenda kuichajisha kwa jirani. Akaishika tu mkononi huku akinieleza.

"Nalianza kukuandikia, wallahi. Nikaandika sabalkheri Sista. Nikakumbuka umekataza, nikafuta. Nikaandika nina kidonda. Nikaisoma, nikaona ni kama namtukana mtu. Wamwingilia mtu mzima na kidonda hata hujamuuliza ameamkaje? Nikafuta. Nikasema nitangoja Jumanne yangu."

Sijapata kuona aibu kama ile katika maisha yangu ya kazi. Nimewahi kukosea dawa, nimewahi kugombana na madaktari mbele ya wagonjwa, lakini yale yalikuwa na sababu. Hili nilikuwa nimefundishwa. Nilikalishwa kwenye kiti asubuhi nzima nikafundishwa, kisha nikaandika kwa herufi kubwa kinyume chake.

Tulimfikisha hospitali kubwa jioni ileile. Kwa siku nne tulisubiri kuambiwa watakata wapi. Daktari wa upasuaji alisema wekundu ukipanda juu ya kifundo hatakuwa na la kufanya ila kuuondoa mguu wenyewe. Mzee Mutua alinipigia kila asubuhi saa kumi na mbili kuuliza, na kila asubuhi nilimwambia bado. Siku ya tano wakakata vile vidole viwili, na mguu ukabaki. Nilikwenda kumwona na maneno yangu ya kuomba msamaha nimeyapanga vizuri tangu njiani. Nikafika kitandani nikaanza, "Bi Mwanakombo, mimi nimekuja kukuambia kwamba..."

Akanyanyua kiganja. "Nisalimie kwanza."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka mpaka akashika mshono wake. Nikamsalimia, yote, mpaka nikafika Malindi. Ndipo nikaomba msamaha, naye akanipa, akaniambia pia kwamba uji wa pale hauna chumvi.

Nikampigia Bi Ruweida, aliyekuwa amestaafu kitambo na yuko kwake Kisauni. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nalikufundisha dirishani," akasema, "sikujua kama itanibidi nikufundishe tena kwenye simu."

Jioni hiyo niliandika kwenye grupu kwamba sheria ile imefutwa, kwamba aliyeiweka amekosa, na kwamba Bi Mwanakombo anaendelea vizuri ila amepungua vidole viwili. Kisha kikaja kikombe cha chai kutoka kwa Mzee Mutua, saa moja ya jioni, na baada yake simu ikaanza kutetemeka mezani isinyamaze. Nilikaa nikayasoma maua yote, moja moja. Kati ya salamu hizo kulikuwa na ila saba. Saba, wenzangu, kwa jioni moja, na mimi nilikuwa nimeripoti kwamba wameridhika. Mmoja wao alikuwa kijana wa kiwandani aliyeacha insulini kwa sababu hana pa kudunga akiwa kazini.

Tangu hapo salamu ikawa ndiyo huduma. Mpango wenyewe waliupanga wagonjwa, mimi niliandika tu. Kila mtu asalimie kabla ya saa tatu, kwa ua, kwa aya, kwa sauti, kwa chochote. Mzee Mutua na wenzake wawili wanakagua daftari la majina kwa zamu. Ambaye hajasalimia anapigiwa. Asiposhika, mwanachama wa mtaa wake anakwenda kupiga hodi. Mpaka leo wamegonga milango mingi ya watu waliosahau kuchaji simu au waliolala tu, na wamegonga michache ambayo nesi alihitajika kweli. Wageni wa ofisi ya afya walipokuja kuuliza mfumo wetu unaitwaje, niliwaambia unaitwa salamu. Waliandika jina refu sana ambalo silikumbuki, na kwenye fomu yao hapakuwa na nafasi ya maua.

Mengine mnayajua. Jumanne yangu ya mwisho mlinipa leso na keki, na keki kwenye kliniki ya sukari ni ujasiri ambao sitausahau. Nikamkabidhi Salma, nesi aliyenirithi, ukubwa wa grupu, kisha jioni, nyumbani kwangu Port Reitz, nikajitoa kabisa. Niliona si vizuri nesi mpya afanye kazi huku wa zamani anamchungulia. Tena nilikuwa nimechoka. Kichwa kilikuwa kinanigonga kisogoni kwa wiki kadhaa, nikasema ni kazi za makabidhiano, kitatulia nikipumzika.

Siku ya tatu ya kustaafu kwangu, saa tatu na nusu asubuhi, nikasikia tuktuk ikisimama nje na mtu akibishana na dereva kwa utaratibu. Kisha hodi. Nikafungua, nikamkuta Bi Mwanakombo na mkongojo wake, amejitanda leso mpya, anahema kwa ngazi zile tatu tu.

"Leo ya tatu hujasalimia," akasema.

"Bi Mwanakombo, mimi nimestaafu. Nimetoka kwenye grupu."

"Nimeona umetoka. Kuamka ndiko hatukujua kama umeamka. Mutua ametazama daftari, jina lako limo. Akaniambia mimi ndiye mwenye mguu wa kumlipa Sista ziara yake."

Nikacheka, nikamkaribisha, nikamvutia kiti. Hakuketi. Alisimama pale katikati ya sebule yangu, akaegemea mkongojo, akanitazama usoni kama mtu aliye na asubuhi nzima.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. U hali gani?"

"Njema."

"Na nyumbani kwenu Bungoma hawajambo?"

"Hawajambo," nikasema. "Wote wazima."

Akangoja. Nikatazama mkoba wangu wa kazi uliokuwa bado umening'inia nyuma ya mlango, na mashine ya presha ndani yake.

"Ila kichwa," nikasema.

Bi Mwanakombo akaketi, akauweka mkongojo chini.

"Ehe," akasema. "Sasa nipe huo mkono, kisha unioneshe nabonyeza wapi."